Hivi Pasi Tulizima?

Katika duka lile la dobi kulikuwa na swali moja ambalo haliulizwi. Fundi wa pasi ungeweza kumuuliza anaoa lini, mbona amekonda, au mbona nyusi zake hazilingani, naye angekujibu kwa upole. Lakini hakuna aliyethubutu kumuuliza, hata kwa mzaha, kama pasi imezimwa. Mama yake alijua, mdogo wake alijua, wateja wa siku nyingi walijua. Marehemu baba yao, aliyelifungua duka hilo, alikuwa mtu asiyeua hata sisimizi, na bado aliwahi kumtoa mteja nje kwa kumshika ukosi kwa sababu ya swali hilo.

Fundi mwenyewe aliitwa Mstari, na mtaa mzima haukumjua kwa jina jingine. Suruali ikitoka mkononi mwake, mstari wa mbele ulisimama hivi kwamba watu walisema unaweza kukatia mkate. Mdogo wake wa kike aliyefanya naye kazi aliitwa Chiriku. Jina hilo nalo halikuokotwa njiani: binti huyo alianza kusema kabla ya kutembea, na hajanyamaza tangu siku hiyo. Yeye alikaa kaunta, akipokea nguo, akizibana kikaratasi cha namba, na kuwapigia soga wateja mpaka wakasahau walichofuata.

Baba yao aliwaachia pasi nzito ya mvuke na sheria moja: nguo hazirukani. Iliyotangulia kuingia ndiyo inayotangulia kupigwa pasi, awe mwenye nguo ni nani. Siku moja mkuu wa polisi alileta sare yake akiwa na haraka, na sare ikasubiri nyuma ya mashuka ya kinyozi. Kwa dobi mwingine hiyo ingekuwa adabu ya biashara tu. Kwa Mstari ilikuwa jambo la uhai. Akiruka namba moja, kitu kingeungua mahali fulani na mtu angekufa, na aliyesababisha angekuwa yeye. Alijua vizuri kabisa kwamba huo ni upuuzi. Watu hudhani mgonjwa wa aina hii amechanganyikiwa, kumbe ana akili timamu za kujicheka, anajicheka, na kicheko hakimsaidii chochote.

Jioni za kufunga duka ndizo zilizokuwa ngumu. Alichomoa plagi, akailaza mezani, kisha akagusa soketi kwa mgongo wa mkono mara saba, akihesabu kwa sauti ndogo. Akafika mlangoni, akarudi. Mtu akikohoa katikati, alianza upya. Siku njema ilichukua robo saa, siku mbaya saa nzima, na Chiriku alisimama nje na kufuli mkononi, akitazama watu wanavyopita kwenda makwao.

Katika kusimama huko ndipo alipotoa simu yake siku moja akampiga video. Hakuwa na nia mbaya siku hiyo, alikuwa amechoka kusubiri. Akaiweka mtandaoni na maneno haya: "Kaka Pasi anafunga duka." Asubuhi yake alikuta watu elfu ishirini wameitazama. Walikuwa wakihesabu pamoja naye kwenye maoni, moja, mbili, tatu, na kuulizana kama leo atafika saba. Wengine waliandika "koh koh" wakicheka. Chiriku naye alicheka mpaka akajishika mbavu. Kwenye video ya tatu, Mstari alipofika sita, Chiriku alikohoa. Hakuwa na kikohozi.

Video hiyo ndiyo iliyovunja rekodi. Kaka mtu alianza upya mara nne, jasho likimtiririka, na mara ya nne akamwambia mdogo wake kwa unyonge, "Kunywa maji, Chiriku, kifua hicho kitakusumbua." Wafuasi walifika elfu thelathini ndani ya wiki, kisha hamsini, kisha sitini.

Na Chiriku naye akaanza kuumwa, ila wa kumwambia hakuwepo. Alivuta kioo cha simu kwa kidole gumba kuona namba mpya, akakiachia, akavuta tena. Alivuta akibana vikaratasi, alivuta akila, alivuta mteja akimwambia kwamba amefiwa na mume na nguo aliyoleta ni ya kumzikia. Namba isiyotimia ilimkera. Ikiwa elfu tisa mia tisa na tisini, alikaa hapo hapo alipo, hata kama ni chooni, mpaka ifike elfu kumi. Kisha akarudi dukani kumcheka mwenzake anayehesabu mpaka saba. Nyani haoni kundule.

Mstari hakukasirika alipojua kuhusu ukurasa. Ingekuwa heri angekasirika. Yeye aliomba kuona, akasoma maoni, akaona watu wamemwandikia, na baba yao alikuwa amemfundisha kwamba mtu akikusemesha unamjibu. Basi akamjibu wa kwanza: "Asante kwa kutazama." Akamjibu wa pili. Kufikia wa kumi sheria ya duka ilikuwa imeshahamia kwenye simu. Maoni hayarukani. Wote wapewe maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, wa matusi na wa pongezi, na kila jibu alisome mara mbili kabla ya kulituma. Zamani ugonjwa wake ulikuwa na mlango: ukishafunga kufuli unakwenda nyumbani kula. Huu mpya haukuwa na kufuli, kwa sababu watu hawaachi kusema. Nguo zilirundikana. Kidole gumba kilimvimba akakifunga kitambaa, akaendelea na cha mkono wa kushoto.

Aliyemwokoa alikuwa mwalimu wa chekechea, mteja wa aproni zenye madoa ya rangi. Alikuja kuchukua aproni zake siku ya nne baada ya siku aliyoahidiwa, akamkuta fundi amekaa chini ya meza na simu, pasi imepoa. Mwanamke mwingine angegomba. Mwalimu alikaa chini naye, akauliza, akasikiliza, akarudi kesho yake bila aproni. Baada ya miezi miwili mtaa ulishajua mambo yanaelekea wapi.

Mwalimu ndiye aliyempeleka kwa daktari. Dawa kubwa waliyopewa ilikuwa zoezi: aguse soketi mara moja, aondoke, na woga ukija akae nao kama unavyokaa na mgeni asiyealikwa, bila kumpikia. Mwalimu alilielewa zoezi hilo kuliko hata daktari.

"Ni kama watoto wangu siku ya kwanza," alimwambia Mstari mbele ya Chiriku. "Mtoto analia mlangoni. Mzazi akirudi kumtazama, kesho analia zaidi. Mzazi akienda zake, mtoto analia, anachoka, anachukua udongo anacheza. Wewe nenda zako. Woga utachoka."

Saba zikawa tano, tano zikawa tatu. Ilichukua miezi minane na machozi mengi, lakini ikafika jioni ambayo Mstari aligusa mara moja, akafunga duka, akaenda kula kwa mama yake kabla chakula hakijapoa. Mama alilia kwenye sahani. Simu kubwa aliiacha kwenye droo ya kaunta, akawa anatumia ya vitufe. Siku ya ndoa ikapangwa, Jumamosi, ofisi ya msajili, saa tano asubuhi.

Chiriku alifurahi. Alimwambia kila mtu amefurahi, na tusimsingizie, sehemu fulani ya moyo wake ilifurahi kweli. Ila ukurasa ulikuwa unakufa. Nani atazame mtu anayefunga duka kama watu wengine? "Kaka Pasi amepona, tunahama," mmoja aliandika, na maneno hayo yakapata laiki elfu mbili. Alijaribu kuwaonyesha jinsi ya kukunja shati, akapata watazamaji mia na ishirini. Sitini elfu wakawa hamsini na tano, wakawa arobaini na nane. Kila asubuhi alivuta kioo akakuta wamepungua, na upungufu huo aliuhisi tumboni, chini ya mbavu, kama njaa. Uzima wa kaka yake ulikuwa unamnyima kitu, na hakuwa na mtu wa kumlalamikia bila kuonekana mchawi.

Ijumaa mchana, kabla ya ndoa, Mwalimu alipita dukani. Hakuja na aproni. Alisimama kaunta, akamshika mchumba wake mkono wenye alama za kuungua.

"Mimi sikuombi nyumba wala gari," alisema. "Nakuomba kesho tu. Usipite hapa dukani, na usishike ile simu. Nimekukubali na ugonjwa wako, na ukirudi baada ya kesho tutapambana nao, nitakuwepo. Lakini kesho nataka nijue nani anatangulia. Kama si mimi, nitaondoka bila kelele, na sitarudi."

Alisema huku akitabasamu, lakini haukuwa utani, na wote watatu walijua.

"Nitakuwa pale kabla ya msajili," Mstari akasema.

"Na wewe wifi yangu," Mwalimu akamgeukia Chiriku, "ndiye utakayemleta. Nimekukabidhi."

"Wifi, nitamleta hata kwa kumbeba mgongoni!" Chiriku akajibu, na wakacheka.

Jumamosi, mama na bibi harusi walitangulia kwa msajili. Saa nne na robo ndugu wawili wakatoka nyumbani kwa miguu, maana ofisi haikuwa mbali. Mstari alivaa suti aliyoipiga pasi mwenyewe, simu ya vitufe ameiacha nyumbani, na alikuwa akiimba chinichini wimbo usio na maneno. Chiriku alivaa gauni la kijani, simu mkononi. Alikuwa amewaahidi watu wake: leo Kaka Pasi anaoa, laivu. Akaiwasha.

Watazamaji mia tatu. Mtu mwenye suti anatembea barabarani, anatabasamu, anasalimiana na muuza magazeti. Mia mbili na themanini. Mia mbili na sitini. Chiriku aliongea, alitania, alimvuta kaka yake shavu. Mia mbili na arobaini. Ndipo mmoja wao akaandika: "Muulize kama amezima pasi."

Baadaye Chiriku alidai ulimi uliteleza. Ulimi wake haukuteleza, ulitumwa. Aliyasoma maneno yale, akaitazama namba.

"Kaka," akasema, "hivi pasi tulizima?"

Mstari alisimama. Wimbo ulikatika.

"Umesemaje?"

"Nauliza tu. Jana si mimi niliyekuwa wa mwisho kutoka? Nilinyoosha hili gauni. Sasa sikumbuki."

"Chiriku." Hakupandisha sauti. "Usinifanyie hivyo. Leo usinifanyie hivyo."

Hapo Chiriku alikuwa na nafasi. Angesema nakutania, imezimwa, twende zetu, na kaka yake angetetemeka hatua ishirini kisha angeendelea kutembea, kama alivyofundishwa. Lakini namba kwenye kioo ilikuwa imeruka kutoka mia mbili hadi elfu mbili, na maoni yalikuwa yakipanda kwa kasi ambayo hakuwa ameiona kwa miezi mingi.

"Kweli kaka, sikumbuki," akasema. "Duka liko mtaa wa pili tu. Dakika kumi, tunachungulia, tunaondoka. Si bora uoe na moyo mweupe?"

Wakageuka. Mstari alitembea mbele na Chiriku nyuma akimpiga video kisogo, shingo iliyokuwa imeanza kulowa kwenye kola nyeupe.

Dukani pasi ilikuwa imelala mezani, baridi, plagi imechomolewa. Gauni la kijani lilikuwa limenyooshwa nyumbani kwa mama. Mstari aliitazama soketi. Akaigusa kwa mgongo wa mkono mara moja. Kisha, na Chiriku aliliona hili kwa macho yake na hatalisahau, kaka yake alivuta pumzi, akanyoosha koti, akageuka akaanza kuelekea mlangoni. Ilikuwa saa nne na nusu. Alikuwa amepona.

"Twende," akasema. "Wasitusubiri."

Watazamaji walikuwa elfu nne mia nane. "Jamani amepona kweli," waliandika. "Hongera kaka." "Haya basi, hakuna kitu hapa." Elfu nne mia saba. Elfu nne mia sita. Chiriku alihisi ile njaa chini ya mbavu. Mkono wake ulifungua droo ya kaunta, ukatoa simu kubwa, ukaiwasha.

"Angalia watu wanavyokupongeza," akasema. "Siku ya ndoa yako, kaka. Wajibu wawili tu, usionekane una kiburi. Wawili tu."

"Mimi wawili siwezi. Unajua siwezi."

"Dakika mbili."

Angeikataa. Mtu wa nje atasema hivyo, naye ana haki. Lakini mpe mlevi aliyeacha pombe glasi iliyokwisha kumiminwa, mpe kwa mkono wa ndugu yake, siku ya furaha, kisha umlaumu. Kikulacho ki nguoni mwako. Mstari aliipokea simu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akatafuta maoni ya kwanza kabisa.

"Asante kwa kutazama," aliandika. Akasoma mara mbili. Akatuma. Akaenda la pili. Kisha la tatu.

Watu walirudi kama nzi. Elfu sita, elfu nane. Chiriku alisimamisha simu yake kwenye kaunta, akaiegemeza kwenye boksi la vikaratasi ili uso wa kaka yake uonekane vizuri. Akajiapiza: zikifika elfu kumi nazima, tunakimbia. Zilipofika elfu tisa mia sita, mama alipiga simu, na picha ikakatika. Chiriku aliikata simu ya mama haraka, laivu isidondoke. Mama akapiga tena. Akaikata tena, akaingia kwenye mipangilio, akazuia simu zote. Elfu kumi zikafika saa tano kasoro tano. Akasema, elfu kumi na mbili.

"Kaka, tunachelewa," alisema, lakini kwa sauti ya mtu anayetangaza, akiitazama simu.

"Usinikatize. Ukinikatiza naanza upya."

Basi akapata sababu ya kunyamaza. Pengine ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake Chiriku kupata sababu hiyo, na aliishika kwa mikono miwili.

Saa tano na dakika kumi yakaingia maoni kutoka kwenye akaunti mpya isiyo na picha, iliyofunguliwa dakika hiyo. "Ni mimi. Wametuita, nimeomba wengine watangulie. Msajili anafunga saa saba. Njoo."

Chiriku aliyasoma. Alimwona Mwalimu kabisa, amekaa kwenye benchi la ofisi na maua mapajani, amejifunza kufungua akaunti ili azungumze na mume wake mtarajiwa katikati ya watu elfu kumi na nne. Kaka mtu alikuwa hatua mbili kutoka hapo. Ilitosha kumnyang'anya simu. Ilitosha kusema, Mwalimu anakuita. Kidole gumba cha Chiriku kilikwenda kwenye maneno yale, kikayabana, kikayabandika juu ya mengine yote ili kila anayeingia ayaone.

Namba ilipasuka. Elfu ishirini, elfu ishirini na sita. "Bibi harusi yuko humu!" "Waiteni ndugu zenu waje waone!" Na wenye huruma nao hawakukosekana. Walikuwa mamia, na walimsihi kwa dhati: nenda kaka, nenda, acha simu, nenda kwa mke wako. Kila mwenye huruma aliyeandika nenda alimwongezea maoni ya kujibu. Mstari aliona foleni inavyorefuka, akaongeza kasi, akakosea herufi, akafuta, akaandika upya. Jasho lilitoka kwenye nywele likashuka kwenye kola. Baadaye halikuwa jasho peke yake. Chiriku alipoona machozi, aliisogeza simu karibu.

Saa sita ilipita. Saa sita na nusu ikapita. Kuna dakika moja, tuseme ukweli, ambapo Chiriku alishikwa na hofu ya kweli, akamwita kaka yake kwa jina lile walilomwita utotoni. Mstari alipiga ukelele ambao haukuwahi kusikika katika duka lile: "Nimesema usinikatize!" Watazamaji wakaongezeka elfu tatu kwa mpigo. Hofu ya Chiriku ikapungua.

Saa saba kasoro dakika kumi, alifika kwenye maoni ya mia sita arobaini na mbili, ya akaunti isiyo na picha. Chiriku aliinama kuangalia. Kidole cha kaka yake kilisimama juu ya kioo, kisha kikaandika kile kile kilichowaandikia wote. Asante kwa kutazama. Akasoma mara mbili. Akatuma.

"Kaka! Huyo ni Mwalimu!"

"Najua."

"Unajua?"

"Nimeyaona tangu ulipoyabandika pale juu." Hakuinua macho. "Alikuwa na watu mbele yake. Nimekuwa nikikimbia nimfikie."

"Sasa kwa nini umemwandikia hivyo? Si ungemwambia unakuja?"

"Nikimwandikia yeye jingine, yale yote niliyowaandikia wengine ni makosa."

Akaenda kwa wa mia sita arobaini na tatu. Alikuwa ameandika herufi mbili tu pale maneno yaliyobandikwa juu yalipotoweka. Mwenye nayo alikuwa ameyafuta, na akaunti yenyewe ikafutika. Jibu la Mstari liliondoka pamoja nayo, na majibu yake yaliyokuwa mia sita arobaini na mawili sasa yalisomeka mia sita arobaini na moja. Mstari aliitazama namba hiyo kwa muda mrefu. Chiriku alijua anachokitazama, akajua pia kwamba mahali fulani mwanamke ameinuka kwenye benchi. Alisubiri kaka yake alie, au avunje simu, au ampige yeye kibao. Angeshukuru kwa kibao.

"Hesabu imeharibika," Mstari akasema polepole. Akapandisha kioo mpaka mwanzo kabisa, akafuta jibu la kwanza, akaliandika upya.

Mlango ulifunguliwa baada ya saa saba. Mama alisimama kizingitini na nguo zake za harusi, viatu mkononi, maana alikuwa amekimbia. Alimtazama mwanawe aliyekaa na suti iliyolowa, mzima, hana jeraha.

"Nilidhani umegongwa na gari," akasema. "Nimemwacha Mwalimu kwenye benchi nikakimbilia hospitali mbili kuuliza. Nimepiga simu, nimepiga, inakatwa, nikasema mwanangu amekufa na mwanangu mwingine anashindwa kuniambia."

Mstari alikuwa kwenye namba ya nane. Mama alisogea hatua moja, akatazama simu iliyosimamishwa kaunta, kisha akamtazama binti yake, na Chiriku aliona jinsi mama anavyoelewa, kidogo kidogo, kutoka kwenye macho mpaka kwenye mabega.

"Mwalimu ameondoka," mama akasema. "Niliporudi hakusema neno. Amenibusu mkono, akaondoka. Chiriku, mwanangu, umefanya nini? Zima hicho kitu."

"Nazima, mama."

Akanyoosha mkono kuzima. Kwenye kioo walikuwa elfu arobaini na tisa na mia tisa, na maoni yalikuwa yakimiminika mapya kabisa. Huyo ndiye mama yake? Tuonyeshe mama. Hatumwoni mama. Tuonyeshe. Mkono wa Chiriku ulifika kwenye simu. Ukaishika pembeni, ukaigeuza taratibu, mpaka uso wa mama, na machozi yake yote, ukajaa katikati ya kioo.